Picha ya Kifua cha Karanga

Neema mwanangu,

Najua utaisoma barua hii polepole, kidole kikifuata mstari, kama ulivyokuwa ukimsomea Bibi Zaburi kwenye simu. Umeitaka mwenyewe. Ulisema, "Write me something, Mama, lakini kwa Kiswahili, na iwe ndefu." Basi usije ukalalamika. Wewe uko saluni hapo Peckham tangu asubuhi unasukwa, baba yako yuko barabarani na basi lake, nami nimebaki na sanduku lako jekundu mlangoni na mnyama wako Karanga amelala ndani ya kofia yangu ya sufu, ile aliyoiiba nami nikamsamehe.

Sitakuandikia habari za kufua. Ukichanganya nyeupe na nyekundu utavaa pinki wiki nzima, na hiyo itakufundisha kuliko mimi. Wala sitakukumbusha kanisa. Njia unaijua, na ukiikosa utauliza. Wali unaweza kuupika, na nasikia Glasgow kuna viazi. Hayo mengine ya madaraja unayokwenda kusomea siyajui, ila naomba ukijenga la kwanza unipitishe juu yake wewe mwenyewe ukitangulia.

Nataka kuandika juu ya siku ile ya Kenton. Tulishasameheana, lakini hatukuizungumza. Nyumba yetu ina tabia hiyo: tunapatana kwa kupikiana chai, na neno lenyewe linabaki chini ya kochi pamoja na soksi.

Kazi yangu unaijua. Nimewapiga watu picha za eksirei tangu hujazaliwa. Mtu anasimama mbele ya mashine, kifua wazi, mikono kiunoni, nami nasema, "Vuta pumzi. Ishikilie. Haya, pumua." Kisha picha inatokea kwenye skrini na mimi ndiye wa kwanza kuiona. Ninaiona kabla ya daktari, kabla ya mwenye kifua. Na sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba sisemi kitu. Kusoma picha ni kazi ya mwingine. Mgonjwa ananitazama usoni kutafuta jibu, nami natabasamu kiasi, si sana asidhani ni nzuri, si kidogo asidhani ni mbaya, halafu namwonyesha pa kuchukua shati lake. Uso huo ulinichukua miaka kuupata. Wewe uliupa jina ukiwa darasa la pili: hospital face.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nikirudi nao nyumbani.

Karanga alipokuja hapa sikumtaka, unakumbuka. Rafiki yako alikuwa anahama, mama yake hakuweza kumbeba, nawe ukaja na mnyama mrefu, mwembamba, mwenye harufu, ukasema ni feret na ni msafi. Bibi alipomwona kwenye simu kutoka Singida alisogeza uso mpaka tukaona pua yake peke yake. "Huyo si kicheche huyo? Au nguchiro? Huku tunawafukuza wasimalize kuku, ninyi mnawatandikia kitanda?" Ukamwambia ni ndugu wa kicheche, lakini amefugwa. Bibi akasema hata mwizi ana ndugu.

Na mwizi alikuwa kweli. Soksi, vifuniko vya chupa, kitambulisho changu cha kazi, vyote chini ya kochi, vimepangwa vizuri kuliko kabati lako. Akifurahi alirukaruka kinyumenyume huku mgongo umepinda, na baba yako, aliyeapa kwamba hatagusa mnyama huyo, alikuwa akijificha nyuma ya mlango ili amshtue aruke tena. Nilimwona. Hajui kwamba nilimwona.

Kisha likaja lile joto la mwaka jana, na Karanga akaacha kuruka. Ukaniambia, "Mama, angalia mbavu zake, anapumua vibaya." Nikakujibu kwamba feret kulala ndiyo kazi yake, na joto hili hata mimi sirukiruki. Ukaniambia tena. Nikasema acha wasiwasi. Mimi, ambaye kutwa nzima natazama vifua vya watu, sikuinama kutazama kimoja kilichokuwa kwenye zulia langu. Nilikuwa nimechoka, hilo ni kweli. Lakini pia sikutaka kuona. Wanyama nao ni hodari wa kuficha ugonjwa, kwa kuwa porini anayeonyesha udhaifu huliwa, kwa hiyo Karanga alikuwa anaficha kwa upande wake na mimi naficha kwa upande wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanawasema wengine.

Ulipomkuta amenyoosha shingo, amekaa tu, hataki kulala chini, hukuniuliza tena. Ulitafuta daktari anayewajua feret, kwa kuwa si kila daktari wa mbwa na paka anawajua, ukampata Daktari Hina kule Kenton, ukaniambia, "Tunakwenda. Beba mkoba." Nikabeba mkoba. London nzima tuliikata na mnyama yule ndani ya begi lenye matundu, umelikumbatia, na ulikuwa unapumua pamoja naye bila kujijua.

Nilimpenda Daktari Hina tangu alipofungua mlango. Bibi yake aliishi Mwanza zamani, na Kiswahili alichomwachia kilikuwa cha jikoni. "Karibu, karibu. Nani gonjwa? Huyu mutu kidogo? Pole sana." Wewe ulicheka mara ya kwanza siku ile. Kisha akarudi kwenye Kiingereza na kazi ikaanza, nami nikamtazama anavyoifanya, maana fundi humjua fundi.

Hakukimbilia kumshikashika. Alimweka kwanza kwenye kisanduku cha kioo chenye oksijeni. "First she breathes. Questions later." Sisi tukataka kujua, yeye akataka mnyama apumue. Alipotulia ndipo akamsikiliza moyo, akasema unasikika kwa mbali, na nyuma zaidi ya pale unapopaswa kusikika. Halafu akaweka vidole viwili mbele ya kifua, karibu na makwapa, akabonyeza taratibu sana. Akakuruhusu na wewe ubonyeze. Akaeleza kwamba kwa feret mzima, tena kijana kama huyu, mbavu za hapo hubonyea na kurudi kama kikapu kipya. Za Karanga hazikubonyea. Nilikuona ukitoa kidole haraka.

Akaomba usubiri nje wakati wa eksirei. Mimi akaniita ndani, maana ulikuwa umemwambia kazi yangu. Hawakumlaza chali. Asiyepumua vizuri halazwi chali, awe mtu awe feret, hivyo wakampiga akiwa amelalia tumbo, kisha ubavu kwa muda mfupi, oksijeni ikiwa puani. Kuna kitu kimoja hawakuweza kufanya, na kilinigusa kuliko nilivyotarajia: hakuna aliyeweza kumwambia ashikilie pumzi. Fundi wao alisubiri tu, akitazama mbavu zikipanda na kushuka, mpaka akaipata sekunde yake.

Picha ikatokea. Neema, niliiona mara moja. Mbele ya moyo, mahali panapopaswa kuwa peusi kwa hewa, palikuwa peupe. Njia ya hewa ilikuwa imeinuliwa juu kuelekea uti wa mgongo, na moyo umesukumwa nyuma. Daktari Hina akasema maneno ambayo ningetamani yaandikwe kwenye ukuta wa chumba changu cha kazi: picha inasema kuna kitu, haisemi ni kitu gani. Inaweza kuwa moyo umeshindwa na maji yamejaa kifuani. Inaweza kuwa uvimbe, na uvimbe nao si wa aina moja; upo unaokatwa ukatoka, na ipo limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo kwa feret wadogo hupenda kukaa hapo hapo. Ili kujua ni ipi, lazima ultrasaundi, halafu sindano, halafu hadubini. Akasema atamaliza, kisha atatuambia sote wawili pamoja.

Nikatoka. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, begi tupu mapajani. Ukainuka. "Umeona? Kuna nini?"

Na mimi nikavaa uso wangu. Nikasema, "Bado wanaendelea. Umekula?"

Nikakushika mkono nikakupeleka kwenye duka lile karibu na stesheni, nikakununulia sambusa mbili za nyama na juisi ya embe. Nikakaa nakutazama unakula. Uliniambia sambusa ni nzuri. Nikasema ndiyo, wamekoleza bizari.

Tuliporudi, ultrasaundi ilikuwa imeonyesha vyote viwili, uvimbe na maji yaliyouzunguka. Daktari Hina alikuwa ameyatoa maji kwa sindano, na Karanga, mwizi wetu, alikuwa amesimama tayari akijaribu kuiba pamba. Ulilia kwa furaha. Kisha daktari akakuonyesha kwenye hadubini tone la maji yale: chembe kubwa, za mviringo, zote zimefanana, mahali ambapo zilipaswa kuwa mchanganyiko. Akakwambia atapeleka maabara wathibitishe, lakini hakutaka kukudanganya, alidhani ni limfoma. Akaonyesha na picha. Akasema, kama mama yako alivyoona.

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. "You knew," ukasema. "You knew and you bought me a samosa."

Tulirudi mpaka Peckham, wewe umekaa kiti cha mbele yangu. Maabara walipothibitisha, ulikubali ile dawa ya maji ya kupunguza uvimbe, ukijua kwamba haiponyi, inampa muda tu. Ulimpimia mwenyewe kila siku. Na jioni moja ukiwa unaosha bomba la dawa, ukasema umeamua kutokwenda Glasgow. Nikadhani ni kwa ajili ya mnyama, nikaanza hotuba. Ukanikata. "Siendi kwa sababu siku akifa, nikipiga simu, utaniambia amelala."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa hadithi yenyewe nilikusimulia mimi. Lakini nilikusimulia nusu, ile ya kuchekesha, na leo nikupe yote.

Babu yako alifariki nikiwa hapa nasoma, mitihani imekaribia. Nyumbani wakakaa kikao, wakaamua nisiambiwe nisije nikaanguka mtihani. Nilikuwa nikipiga simu na Mjomba wako Elia anapokea. "Baba amelala." Nikipiga mchana, amelala. Nikipiga jioni, amelala. Nikawaza, mzee amechoka na shamba, apumzike. Nikawa natuma salamu, na Elia anasema atazifikisha. Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho, walikuja watu wa kanisani mlangoni, wanaume wawili na mama mmoja amebeba wali kwenye hotipoti. Wakakaa. Wakauliza habari za masomo. Yule mama akaniambia kwa sauti laini, "Umekula, mwanangu?" Nikasema bado. Akanipakulia. Walisubiri nimalize sahani, wakaninawisha mikono, ndipo wakaniambia kwamba baba yangu amezikwa na hata matanga yameshaanuliwa.

Sehemu ya kuchekesha niliyokuwa nakusimulia ni kwamba niliomba kuongezewa wali. Sehemu ambayo sikukusimulia ni kwamba niliwachukia kwa muda mrefu, watu wema wale. Sikukosa mazishi tu. Nilikosa siku zile ambazo ningekuwa na huzuni pamoja na wenzangu. Walipokuwa wanalia, mimi nilikuwa nacheka kwenye basi. Walipomaliza kulia, nikaanza peke yangu, katika chumba chenye hita mbovu, na kila niliyempigia alikuwa amekwisha kupoa. Mpaka leo mtu akiniuliza kama nimekula kwa sauti ile, najibu nimeshiba hata kama nina njaa.

Halafu nikakuuliza wewe swali hilo hilo, kwenye kiti cha plastiki, Kenton.

Nimelifikiria sana. Kazini nanyamaza kwa haki, kwa kuwa ni kweli sijui. Weupe kwenye picha si jibu, na nusu ya habari inaweza kumtesa mtu bure. Siku ile nilijificha nyuma ya sheria hiyo. Ningeweza kukwambia hivi: nimeona weupe ambao haupaswi kuwepo, sijui ni nini, naogopa. Yote matatu yalikuwa kweli, na ungeyabeba. Kusema hujui na kunyamaza ni vitu viwili tofauti, nami nilizeeka nikidhani ni kimoja. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi nisikuone ukiumia.

Basi ukanipa sharti lako: utakwenda Glasgow ikiwa nitakwambia siku ile ile, jambo lenyewe, bila kukupitisha jikoni kwanza. Nikakubali. Na nikaongeza mwenyewe kwamba ahadi hiyo si ya Karanga peke yake. Ikiwa siku moja kifua kwenye picha ni changu, au cha baba yako, au Bibi hajapokea simu kwa sababu kweli hawezi kupokea, utaambiwa, hata kama kesho yake una mtihani. Nawe usinifanyie ile ya "I'm fine, Mama" kila Jumapili. Ukiwa mpweke, sema upweke. Ukiwa umefeli, sema umefeli. Nilishawahi kufeli na bado wananipa vifua vya watu nivipige picha.

Nimeweka kalamu chini kidogo. Nimerudi, na mwandiko utauona umebadilika.

Karanga ametoka kwenye kofia. Amekaa katikati ya zulia, shingo ameinyoosha, hataki kulala chini. Nimempa ute wa yai anaoupenda, amegeuza uso. Tumbo linasaidia mbavu kuvuta hewa. Safari hii nimeinama. Nimepiga magoti kwenye zulia, nikaweka vidole viwili mbele ya kifua kama tulivyofundishwa, taratibu, na hapabonyei.

Nimempigia Daktari Hina. Amesema tumpeleke jioni hii, atatusubiri. Atatoa maji tena apate nafuu, atazame kama dawa bado inafanya kazi, na kama haifanyi tena, tuzungumze juu ya kumpumzisha. Baba yako ameshuka zamu, anakuja na gari. Nimefungua dirisha, nimemwinua kifua juu ya mto mdogo. Nimekupigia wewe mara moja, Neema, kabla hata ya kumpigia baba yako. Simu yako imezima. Kutwa nzima saluni, nani angekuwa na chaji.

Nikukirie na hili. Nilipoweka simu chini, miguu ilinipeleka jikoni. Nikajikuta nimewasha jiko, napasha maharage, natoa sahani yako ya bluu. Moyoni nilikuwa nimeshapanga kila kitu: arudi, asifiwe nywele, akae, ale, kesho apande treni yake akiwa na amani, na mimi na baba yake tumpeleke Karanga kimyakimya. Ulikuwa mpango mzuri. Mwenzangu yule wa hotipoti angeupenda. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikaona mkono wangu ni mkono wake.

Nimezima jiko.

Treni ya kesho si ya mwisho duniani, tiketi hubadilishwa. Kwenda au kukaa utaamua wewe, ukiwa unajua ninachokijua, na uamuzi wowote nitaubebea sanduku. Ukiwa umeyafikisha macho yako hapa, basi yote haya ulishayajua kabla ya kuisoma, kwa sababu nilikwambia kwa mdomo wangu, na uso huu ukiwa ni wangu wa nyumbani. Nakupenda, mwanangu. Nilipaswa kulisema hilo mwanzoni, si huku mwishoni kama mtu anayekimbizwa.

Karanga ameinua kichwa. Amesikia hatua zako kwenye ngazi kabla yangu, kama kawaida yake. Sasa nasikia ufunguo.

Sitakuuliza kama umekula.

Mama